Pikipiki kuzima ikiwa kwenye ON na kukubali kwenye RES

Pikipiki inazima koki (kifungulio cha petroli chini ya tangi) ikiwa kwenye ON, lakini inakubali ukiiweka RES (akiba), na tangi lina mafuta ya kutosha? Kabla hujagusa kabureta, fungua mfuniko wa tangi pale pale inapozima. Ukisikia hewa ikivutwa "fyuu" na injini ikawaka vizuri, basi kitundu cha hewa kwenye mfuniko kimeziba. Kisafishe, kazi imekwisha.

Kama sivyo, na tangi lina mafuta ya kutosha, tatizo liko kwenye koki. Ndani ya tangi koki huwa na njia mbili: kijibomba kirefu cha ON na tundu la chini la RES. Hicho kirefu ndicho kilichoziba. Injini ikiwa imepoa, mahali pa wazi na pasipo moto wala sigara, mwaga petroli yote, fungua koki utoe kichujio chake. Ukikuta vumbi jekundu kama unga, hiyo ni kutu ya tangi; kusafisha koki peke yake kutakupa nafuu ya muda tu. Tangi lilowekwe siki nyeupe, koki ikiwa imetolewa na tundu limezibwa, kisha lisuuzwe na likaushwe haraka sana, maana chuma kitupu chenye unyevu hushika kutu upya ndani ya saa chache.

Mpira wa koki badilisha kabisa, usibandike gundi (mafundi wengine wanapenda sana huo mchezo, na petroli inaiyeyusha). Na ukiegesha, funga koki. Sindano ya kabureta (inayozuia petroli isizidi) ikivuja, petroli huishia kwenye oili ya injini.