Jibu: sort inaganda nikiiunganisha kwa bomba kwenye C

Mkuu, umesema programu yako ya C inaipelekea sort (programu ya kupanga mistari kwa alfabeti) majina kupitia bomba (pipe, njia ya kupitisha data kati ya programu mbili), halafu kimya, hairudi hata na jina moja mpaka ubonyeze Ctrl-C. Ugonjwa huo naujua. Ulinikesha siku mbili nilipokuwa naandika kiprogramu cha kupanga orodha ya wanachama wa VICOBA yetu. Nimepitia msimbo wako: fork() (inayomfanya mchakato mzazi azae mchakato mtoto) haina shida, dup2() (inayounganisha bomba na namba 0 ya kusomea au 1 ya kuandikia) haina shida. Shida ni midomo ya mabomba ambayo hukuifunga.

Sort haiwezi kutoa mstari wa kwanza kabla ya kusoma wa mwisho, maana jina la mwisho laweza kuwa Abdallah. Inajua mistari imeisha pale read() inaporudisha 0, na kerneli (kiini cha mfumo wa uendeshaji) hairudishi 0 mpaka kila nakala ya mdomo wa kuandikia bomba hilo iwe imefungwa. Sasa fork() humrithisha mtoto midomo yote. Mtoto wako, yaani sort, anasubiri waandishi waondoke, kumbe mwandishi mmojawapo ni yeye mwenyewe!

Hakikisha kwa macho. Ikiwa bado imeganda, fungua terminali ya pili uandike ls -l /proc/NAMBA/fd, ukiweka namba ya mchakato wa sort. Yangu ilikuwa hivi (nimepunguza):

0 -> pipe:[58213]
1 -> pipe:[58214]
2 -> /dev/pts/0
3 -> pipe:[58213]
4 -> pipe:[58213]
5 -> pipe:[58214]
6 -> pipe:[58214]

Tazama 0 (ya kusomea) na 4 (ya kuandikia). Bomba ni lile lile, anasoma huku ameshika mdomo wa kuandikia. Kwa mtoto, fanya hivi (kwenda na kurudi ni mabomba mawili; [0] ni mdomo wa kusomea, [1] wa kuandikia):

dup2(kwenda[0], 0);
dup2(kurudi[1], 1);
close(kwenda[0]); close(kwenda[1]);
close(kurudi[0]); close(kurudi[1]);
execlp("sort", "sort", (char *)NULL);
_exit(127);

Ni _exit, siyo exit. Exec (inayoanzisha sort) ikishindikana, exit itamwaga bafa (maandishi yanayosubiri kutolewa) alizorithi mtoto na utaona maandishi yako mara mbili.

Kwa mzazi, funga kwenda[0] na kurudi[1] mara tu baada ya fork(). Ukimaliza kuandika, funga kwenda[1] KABLA ya kuanza kusoma. Hiyo ya mwisho ndiyo wengi tunaisahau.

Kuna aliyekushauri utumie popen() (inayoanzisha programu nyingine pamoja na bomba lake); hajakosea, ila kwenye Linux popen() inakupa kusoma au kuandika, siyo vyote viwili. Wewe unataka vyote.

Halafu usishangilie mapema. Mimi baada ya kurekebisha nilibadilisha sort nikaweka tr (programu ya kubadilisha herufi), faili likiwa kubwa ikaganda upya. Bomba la Linux kwa kawaida hubeba baiti 65,536 tu. Sort inasoma yote kwanza, kwa hiyo ilinificha kosa. Tr inasoma kidogo, inatoa kidogo: bomba la kurudi likajaa kwa sababu mzazi alikuwa hajaanza kusoma, tr ikasimama, bomba la kwenda nalo likajaa, mzazi akasimama. Kila mmoja anamngoja mwenzake. Dawa ni poll() (inayokuambia bomba lipi liko tayari) kwa mabomba yote mawili, na mdomo wa kuandikia uuweke O_NONBLOCK (usisubiri bomba likijaa), au uzae mtoto wa pili ambaye kazi yake ni kuandika tu. Nilichukua hiyo ya pili kwa uvivu, na inafanya kazi mpaka leo.

Na kama mtoto ni programu yako mwenyewe yenye printf(), kumbuka kwamba kwenye terminali maandishi hutoka kila mstari, lakini kwenye bomba hukaa kwenye bafa mpaka ijae. Kama mnajibizana, weka fflush(stdout) baada ya kila jibu.

Rekebisha, kisha rudia ile ls kwa mtoto. Ukikuta 0, 1 na 2 tu na bado inaganda, bandika hapa msimbo wa upande wa mzazi tuuone.