Usinunue chenso kabla hujaujua mti unaouangusha

Msomaji mmoja wa Makete ameniandikia. Ana shamba la mipaina iliyokomaa, fundi wa pale kijijini amemtajia bei ya kuvuna ambayo haimwingii akilini, sasa ameamua anunue chenso yake, yaani msumeno wa injini, na ajifunze mwenyewe. Swali lake ni hili: "Nichukue 070, 382, au hizi za Kichina za 58?"

Ni swali zuri, na kila wiki linakuja kwa namna moja au nyingine. Kinachonisikitisha ni kile ambacho hakuuliza. Hakuuliza suruali ya kinga, hakuuliza kabari, hakuuliza tupa. Anayeingia msituni na mashine ya mamilioni huku amevaa jinzi na ndala hajajiandaa kuvuna, hata kama mashine yake ndiyo bora kuliko zote Njombe.

Tuanze na mashine, maana ndiyo aliyoiulizia.

Stihl 070 ina heshima kubwa kwetu na hata kwa mafundi wa Kongo, na heshima hiyo ni ya haki kwenye kazi yake, yaani kupasua gogo gumu la mninga au mvule kuwa mbao. Ina cc 106 na kilowati 4.8. Inazunguka taratibu kwa nguvu nyingi, kwa hiyo inavumilia kupasua gogo kwa urefu bila kulemewa. Lakini ina uzito unaopita kilo 10 hata kabla hujafunga upanga (lile bamba refu ambalo cheni inalizunguka) na cheni, na haina breki ya cheni. Kwa mtu anayejifunza kuangusha miti, hilo la breki peke yake linatosha kuiondoa kwenye orodha. Kupasua gogo lililolala na kuangusha mti uliosimama ni kazi mbili tofauti, na anayekwambia mashine moja inatosha kwa zote anakuuzia hatari.

Stihl MS 382 ina cc 72.2, kilowati 3.9 na kilo 6.2 bila upanga. Dada yake MS 381 ina injini ya ukubwa uleule ila ni nzito zaidi kidogo, kilo 6.6. Husqvarna 372 XP, yenye cc 70.7, iko daraja hilohilo. Hizi ni mashine za mtu anayevuna kila siku. Zina breki, zina mpira wa kupunguza mtetemo, na vipuri vinapatikana kwenye miji ya mbao kama Mafinga na Makambako. Upanga wa inchi 20 unazitosha kabisa kwa paina.

Kwa shamba la ekari chache, ambalo miti yake ina kipenyo cha sentimita 25 hadi 35 kwenye kisiki, hata MS 250 inaifanya kazi. Ina cc 45.4, kilowati 2.3 na kilo 4.6. Itakwenda polepole zaidi, lakini mikono haitachoka mapema, na mikono iliyochoka ndiyo inayokosea. MS 170 yenye cc 30.1 iachie matawi, kuni na ua wa nyumbani.

Hizi za Kichina zinazoandikwa 5200 na 5800 sizidharau. Bei yake inavutia, vipuri viko kila duka la pembejeo, na zinakata. Udhaifu wake uko kwenye vitu vidogo: pampu ya oili ya cheni, kabureta, mipira ya mafuta inayolainika, na bendi ya breki. Ukiinunua, panga bajeti ya cheni mpya yenye ubora na uikague breki kila asubuhi. Jihadhari pia na mashine zinazobandikwa majina makubwa huku ni za kughushi. Kama bei ni nusu ya ile ya wakala na muuzaji hana risiti wala namba ya mashine inayosomeka kwenye bodi, hiyo siyo unayoifikiria.

Sasa hiyo breki ninayoipigia kelele. Robo ya juu ya ncha ya upanga ndiyo sehemu hatari kuliko zote kwenye mashine. Ikigusa tawi, kisiki cha jirani au gogo la pili, cheni haikati, inanasa. Nguvu yote ya injini inageuka kuurusha upanga juu na nyuma, kuelekea bega na uso wako, kwa kasi ambayo hakuna binadamu anayeiwahi. Breki inaiwahi kwa sababu mkono wa kushoto ukisukumwa mbele unaigonga kinga iliyo mbele ya mshikio na cheni inasimama. Ndiyo maana kidole gumba cha kushoto lazima kizunguke mshikio wa mbele kwa chini. Kikikaa juu pamoja na vidole vingine, mkono utachomoka. Simama kidogo upande wa kushoto wa mashine ili kichwa chako kisiwe kwenye njia ya upanga, na usikate kitu kilicho juu ya mabega.

Suruali ya kinga ina tabaka za nyuzi ndefu ndani. Cheni ikiipasua, nyuzi zinavutwa, zinajisokota kwenye gia ya cheni na kuisimamisha. Jinzi haina uwezo huo, wala ovaroli, wala suruali mbili kwa pamoja. Ongeza kofia ngumu yenye wavu wa uso na vifunika masikio, buti zenye chuma kidoleni na soli inayoshika, glavu, na bandeji kubwa za kuzuia damu. Usivune peke yako. Msaidizi asimame mbali lakini akuone, na mjue mapema mtandao wa simu unashika wapi.

Mafuta nitayasema kwa kifupi. Kwa oili ya 2T (ile ya kuchanganywa na petroli) ya ubora inayotajwa na mtengenezaji wa mashine, uwiano ni 1:50, yaani mililita 20 kwa lita ya petroli. Kama kitabu cha mashine kinataka 1:25, ni mililita 40. Pima kwa chupa yenye alama, acha kupima kwa kizibo. Oili ikipungua pistoni inakwaruzika na kunata. Ikizidi, plagi inachafuka na ekzosi inajaa masizi. Kwenye tenki la cheni weka oili safi. Oili chafu ya gari ina chembe za chuma zinazokula pampu na mfereji wa upanga. Tenki la mafuta likiisha huku oili ya cheni haijapungua, njia ya oili imeziba.

Cheni butu inaua pia, kwa sababu inakulazimisha kuikandamiza mashine. Tazama kinachotoka chini ya upanga: cheni kali inatoa vipande vya mbao vinavyoshikika vidoleni, butu inatoa unga. Cheni ya 3/8 (hiki ni kipimo cha cheni kwa inchi) inanolewa kwa tupa ya mviringo ya milimita 5.2, ya .325 kwa tupa ya milimita 4.8. Shika tupa kwa nyuzi 30 kufuata alama iliyo juu ya jino, sukuma kwenda mbele tu, inyanyue unaporudi, na kila jino lipate idadi ileile ya misukumo. Meno ya upande mmoja yakiwa marefu kuliko ya pili, mkato utapinda na hutawahi kuipata bawaba iliyonyooka (ule ukanda usiokatwa unaouongoza mti, nitaueleza chini). Kile kidude kilicho mbele ya jino, kinachopima kina, kiwe chini ya ncha ya jino kwa milimita 0.65. Mafundi wengi hukipiga tupa sana ili mashine "ile zaidi". Inakula zaidi kweli, na inarusha zaidi.

Tuje kwenye mti wenyewe. Chukua mpaina wa sentimita 30 kwenye kisiki na urefu wa mita 20. Kabla ya kuwasha, uzunguke wote. Angalia umeegemea wapi, matawi yamelemea upande gani, kama kuna tawi kavu lililokwama juu, upepo unavuma kutoka wapi, na kama kilele kimeshikana na cha jirani. Watu wote wakae mbali angalau mara mbili ya urefu wa mti, hapa ni mita 40, na mita 50 ni bora. Kwenye mteremko asiwepo mtu upande wa chini, gogo linabingirika. Fyeka njia mbili za kukimbilia, zikienda nyuma kwa mshazari wa nyuzi 45, kushoto na kulia. Usikimbilie nyuma moja kwa moja, maana shina linaweza kuruka juu ya kisiki na kukufuata.

Kisha kata mdomo, upande unaotaka mti uangukie. Kina chake kiwe kati ya moja ya tano na robo ya kipenyo. Kwa mti wetu ni sentimita 6 hadi 7.5. Anza na mkato wa juu unaoshuka kwa mshazari, halafu wa chini uliolala, na uwe na uwazi wa nyuzi 45 au zaidi, ikiwezekana 60. Mdomo mwembamba unafunga mti ukiwa bado nusu njia, na hapo bawaba inakatika au shina linapasuka. Mikato miwili ikutane kwenye mstari mmoja. Mmoja ukipita mwenzake hata sentimita mbili, umeshaijeruhi bawaba kabla hujaanza, na wanaojifunza wengi hapa ndipo wanapoharibu.

Bawaba ni ule ukanda wa mti unaoacha bila kukata kati ya mdomo na mkato wa nyuma. Ndiyo inayouongoza mti kama bawaba ya mlango inavyoongoza mlango. Unene wake ni moja ya kumi ya kipenyo, hapa sentimita 3, sawa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Ikiwa nene upande mmoja, mti utavutwa upande huo. Ukiikata yote, mti hauna mwongozo tena na utaanguka unakotaka wenyewe.

Mkato wa nyuma uanzie sentimita 3 juu ya sakafu ya mdomo, uwe umelala sawa. Mara upanga ukizama wote na kuacha nafasi nyuma yake, piga kabari ya plastiki au alumini. Usitumie ya chuma, cheni ikiigusa meno yanaruka. Kata kidogo, gonga kabari, tazama juu, kata tena. Kwa karibu utaona ufa wa mkato unafunguka, kwanza kama unene wa kucha, na nyuzi za bawaba zinaanza kulia. Hapo acha kukata. Chomoa mashine, funga breki, ondoka kwa njia yako mita tano au zaidi huku macho yakiwa kileleni, na usirudi hadi matawi ya majirani yatulie. Tawi lililovunjika hukawia juu kidogo kisha likashuka.

Milingoti (mikaratusi) ni habari nyingine, hasa iliyoegemea mbele. Ukiikata nyuma kwa kawaida, shina linapasuka kwa urefu kabla bawaba haijafikiwa, kipande cha nyuma kinapanda juu na kurudi kwa nguvu kifuani kwa mkataji. Dawa yake ni mkato wa kuchoma. Kata mdomo, kisha chomeka upanga ubavuni nyuma ya pale bawaba itakapokuwa, ukianza na sehemu ya chini ya ncha na injini ikiwa kwenye mzunguko wa juu. Ukizama mara mbili ya upana wa upanga, nyoosha na usukume mpaka utokee upande wa pili. Tengeneza bawaba kwanza, halafu kata kurudi nyuma, ukiacha ukanda wa kushikilia upande wa mgongo. Mti mzima sasa umeshikwa na bawaba na ukanda huo. Simama pembeni, ukate ukanda kutokea nje, na mti unaondoka mara moja bila kupasuka. Mkato huu usijifunzie kwenye mti uliosimama. Ufanyie mazoezi kwenye kisiki kirefu hadi mkono uzoee.

Mti ukininginia kwenye mwenzake, kazi nyingine zote zinasimama. Usipite chini yake, usiupande, usikate ule unaoubeba, wala usiangushe mwingine juu yake ili uuvunje. Ubingirishe kwa nyenzo na ndoano ya kugeuzia magogo ukiwa upande salama, au uvute shina kwa kamba ya chuma na winchi kutoka umbali unaouzidi urefu wake. Kama huna vifaa hivyo leo, zungushia eneo utepe na umwache mtu wa kuzuia watoto na wachunga ng'ombe wasipite hadi ufanikiwe kuuleta chini.

Kwa ndugu wa Makete, jibu langu ni hili: kwa paina yako MS 250 au ya Kichina yenye breki nzima inatosha kwa mavuno ya mara moja, 382 ichukue kama unakusudia kuvunia na wengine. Bajeti ya suruali, kofia, kabari mbili na tupa itoke kwanza, mashine inunuliwe kwa kinachobaki. Tafuta kozi fupi kwenye vyuo vya misitu, au fundi aliyesomea, na siku za mwanzo zitumie kukata magogo yaliyolala tu.

Dukani, mwambie muuzaji aiwashe. Kwenye sailensa, yaani injini ikiunguruma bila kubonyezwa mafuta, cheni isizunguke. Funga breki kwa kusukuma ile kinga ya mbele, bonyeza mafuta hadi mwisho kwa sekunde mbili, cheni isisogee. Elekeza ncha kwenye boksi jeupe bila kuligusa, tia mzunguko, mstari wa oili uonekane. Zima, bonyeza kifyatuo cha mafuta bila kukandamiza kile kitufe cha usalama kilicho juu ya mshikio wa nyuma, kisikubali. Moja ya haya likishindikana, hiyo mashine usiilipie.