Msomaji Auliza: Je, Ninunue Valvu za Zamani kwa Amplifaya ya Gitaa?

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni mpiga gitaa la solo katika bendi ndogo hapa Moshi, na siku za Jumapili ninapigia kwaya kanisani. Mwaka jana nilipata amplifaya ya Vox AC30 iliyotumika, na sasa valvu zake (vile vioo vyenye pini vinavyokuza sauti) nne za hatua ya mwisho, zinazosukuma spika, aina ya EL84, zimechoka: sauti imefifia na gitaa linakwaruza hata nikipiga taratibu. Kuna mtu aliyeko Uingereza anayeuza EL84 nne za Mullard za zamani kwa thamani ya shilingi laki saba, bila gharama za kusafirisha. Anasema hazijawahi kutumika na kwamba zimepimwa zikatoa asilimia mia. Wenzangu wanasema hakuna valvu ya leo inayozifikia zile. Je, nitume fedha?
Mpiga Solo, Majengo, Moshi

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Usizitume bado. Wenzako hawakukosea kuhusu sifa ya valvu hizo, lakini kiwanda cha Mullard kilichokuwa Blackburn, Uingereza, kiliacha kuzitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kila moja inayouzwa leo imepita katika mikono mingi kwa zaidi ya miaka arobaini, na unacholipia hasa ni maelezo ya muuzaji wa mwisho kuhusu historia ambayo yeye mwenyewe huenda hakuishuhudia.

Tuanze na jina lililoandikwa kwenye kioo, kwa maana hilo ndilo linalouzwa ghali na ndilo rahisi kuliko yote kughushi. Enzi zile viwanda vilikuwa vikiuziana mali na kuipiga chapa ya mnunuzi, jambo lililokuwa halali kabisa, kwa hiyo valvu yenye jina la Mullard inaweza kuwa imetengenezwa kwingine. Siku hizi jina hilohilo linapigwa kwenye valvu mpya zinazotoka Saratov, Urusi. Si mbaya, ila si zile unazozifikiria. Kisha wako wanaofuta chapa ya kawaida na kuandika yenye soko. Miaka kadhaa iliyopita nilipokea valvu ndogo ya ECC83 iliyofungwa kwenye boksi la kupendeza. Nilipoifuta vumbi kwa kidole gumba, maandishi meupe yalibaki yaking'aa kana kwamba yamepigwa juzi. Chapa halisi ya Mullard ya miaka ile hufutika kwa urahisi mno, hivyo maandishi yaliyo safi kupita kiasi yanapaswa kukutia shaka kuliko yaliyochakaa.

Mwombe muuzaji picha ya karibu ya sehemu ya chini ya kioo, juu kidogo ya pini. Hapo kiwanda kilichora alama ndogo za kijivu zenye mistari miwili, ambazo mara nyingi huonekana tu ukiinamisha kioo kwenye mwanga. Mstari wa pili wa valvu ya Blackburn huanza na herufi B, ikifuatiwa na tarakimu ya mwisho ya mwaka, herufi ya mwezi na namba ya wiki. Tarakimu ya mwaka ni moja tu, kwa hiyo 5 inaweza kuwa 1965 au 1975, na muuzaji mjanja atakuchagulia mwaka wenye bei. (Mullard ilikuwa mali ya Philips, jina ambalo wakazi wa Arusha wanalifahamu kama eneo la mji, na mfumo huu wa alama ni wa Philips.)

Omba pia picha ya kichwa cha valvu. Ile rangi ya fedha iliyo ndani ya kioo ni bariamu inayofyonza mabaki ya hewa. Ikiwa imegeuka kuwa nyeupe kama maziwa, hewa imeshaingia na valvu imekufa. Ikiwa kingo zake zimekonda na kuwa za kahawia, valvu imefanya kazi muda mrefu, hata kama tangazo linasema haijaguswa. Pini zenye mikwaruzo nazo hueleza kwamba imeshaingizwa kwenye soketi.

Hiyo asilimia mia usiihesabu kuwa kitu mpaka ujue ni mashine gani iliyotumika na valvu mpya husoma ngapi kwenye mashine hiyohiyo. Mashine nyingi za zamani hupima tu kama kathodi (sehemu ya ndani inayotoa mkondo wa umeme) bado inafanya kazi, tena kwa volti ndogo, ilhali amplifaya yako huipa EL84 volti zinazozidi 300. Valvu yenye gesi kidogo ndani, au yenye gridi (waya wa ndani unaodhibiti mkondo) inayovuja, inaweza kufaulu mezani na kuharibika jukwaani baada ya dakika ishirini.

Hapo ndipo penye hasara kubwa kuliko hizo laki saba. AC30 huzifanyisha EL84 kazi karibu na ukomo wake, na kwa kawaida zote nne huegemea rezista moja inayodhibiti mkondo wake. Moja ikiwa dhaifu, mzigo wake hubebwa na tatu zilizobaki. Moja ikianza kuvuja, hupata moto, anodi yake (bamba la ndani linalopokea mkondo) huwa nyekundu kama kaa, na usipozima haraka unaweza kuunguza hata transfoma ya kutolea sauti, ambayo hutaipata kwa urahisi Moshi wala Arusha. Fyuzi ndiyo kinga yako. Kagua kwanza kama fundi aliyekutangulia hakuweka karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara mahali pake, kwa sababu nimeshaikuta zaidi ya mara moja.

Ushauri wangu ni huu. Kwa nafasi hizo nne, nunua valvu mpya zilizolinganishwa (zenye vipimo vinavyokaribiana), kwa mfano JJ za Slovakia, kutoka kwa muuzaji anayetoa dhamana. Kama hamu ya valvu za zamani haijakutoka, nunua moja ndogo ya ECC83 kwa nafasi ya kwanza, inayopokea gitaa: huko hudumu miaka mingi, na ikiharibika kwa kawaida haiburuzi transfoma. Ukishaiweka, igonge kidogo kwa penseli kavu ya mbao. Mlio mdogo wa "tok" kwenye spika ni kawaida, lakini ikilia kama kengele ya baiskeli, irudishe. Uliza mapema muda wa kurudisha unahesabiwa tangu siku gani, kwa maana kifurushi kinaweza kumaliza siku hizo zote kabla hakijafika posta.

Kazi ya kufungua sanduku mwachie fundi. Kapasita za ndani hubaki na umeme unaoweza kuua hata baada ya kuchomoa waya ukutani.

SWALI: Fundi, babu yangu aliacha redio ya valvu ambayo haisemi tena. Je, naweza kuchomoa valvu zake nizitumie kwenye amplifaya ya gitaa?
Msomaji, Ngarenaro, Arusha

JIBU: Soma kwanza namba zilizo kwenye vioo. Redio nyingi za aina hiyo zina EL84 moja, ambayo inafaa, ila imeshafanya kazi miaka mingi na haina mwenzake wa kulingana naye. Ukikuta ECC85, usiichomeke mahali pa ECC83. Zote zina pini tisa na zinaingia kwenye soketi moja, lakini waya za kupasha moto zimepangwa tofauti, na kwenye amplifaya nyingi haitawaka kabisa. Nyingine, kama ECH81, hazina kazi kwenye gitaa. Kwa hali hiyo ningeipeleka redio yenyewe kwa fundi, kwa sababu mara nyingi kilichokufa ndani yake ni kapasita za bei ndogo, si valvu.