Maswali na Majibu: Mgeni wa kemia akija Kasapa

Barua mlizoniandikia safari hii mimi, Yaya wenu, nyingi zinahusu mihadhara ya wageni katika idara ya kemia, hapa kampasi ya Kasapa ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi (Unilu), Kongo. Nimechagua hizi.

Yaya, nikihudhuria mhadhara wa mgeni naongezewa pointi? (Mwanafunzi, Kampemba)

Hapana. Na swali hili tafadhali msilirudie tena.

Mgeni anaongea Kifaransa cha mbio, mara anachanganya Kiingereza. Slaidi ya tatu nimeshapotea. (Katuba)

Unapotea kwa sababu unaingia mikono mitupu. Mada hubandikwa mlangoni mapema. Ukiona imeandikwa heterojeniti, yaani jiwe lenye kobalti, fungua silabusi ujikumbushe jambo moja tu: kobalti ya jiwe hilo jeusi iko katika hali ya +3 (imepungukiwa elektroni tatu), na asidi ya sulfuri peke yake haiiyeyushi vizuri. Lazima ishushwe kwanza hadi +2, ndiyo maana viwandani wanatia metabisulfiti ya sodiamu au gesi ya SO2. Malakiti, lile jiwe la kijani mnalolijua kwenye mikufu, halina shida hiyo: lidondoshee asidi, litatoa povu la kaboni dioksidi na maji yatageuka bluu. Ukiwa na hayo kichwani utamfuata mgeni hata lugha ikikushinda, maana fomula ubaoni ni zile zile.

Wakuu wa idara nao wasikie: mpeni asistanti (mwalimu msaidizi) mmoja dakika 5 za mwisho afupishe kwa Kiswahili. Laboratwari tunaelezana kwa Kiswahili kila siku. Kwenye oditwari tunaona haya ya nini?

Mkemia wa kampuni ya madini akija, tunaruhusiwa kumuuliza habari za maji machafu? Mwenzetu alijaribu, prof akamkata. (Ruashi)

Mnaruhusiwa, na mnatakiwa. Mgeni anayekuja kutuonyesha picha za katodi, yale mabamba ya shaba safi ya 99.99%, na kuondoka bila kueleza mabaki yanakwenda wapi ametupatia nusu tu ya kemia. Mwaka 2009 watafiti wa Unilu na wenzao wa chuo kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wa Katanga, eneo letu hili la madini: wanaokaa karibu na migodi na viwanda walikutwa na kobalti nyingi kupita kiasi, watoto hasa. Hao ni majirani zetu.

Ila msimuulize kwa hasira, atawajibu kwa siasa. Muulizeni kikemia. Asidi iliyobaki mnaizima kwa chokaa? Jasi inayotokea mnaiweka wapi, na chini yake kuna nini cha kuzuia maji yasipenye ardhini? pH (kipimo cha ukali wa asidi) ya maji yanayotoka ni ngapi, nani anaipima, na wakati wa mvua inabadilikaje? Akisema ni siri ya kampuni, andikeni hivyo hivyo kwenye daftari. Na prof anayemkata mwanafunzi ili kampuni isinune, kesho ataitafutia wapi heshima ya somo lake?

Naogopa kuuliza nisionekane mjinga. (Kenya, komini ya hapa Lubumbashi)

Uliza namba: "Mlipima kwa kifaa gani, mara ngapi, na vipimo vilitofautiana kiasi gani?" Linamfaa mgeni yeyote.

Nitapataje namba ya simu ya mgeni anitafutie bursi (ufadhili wa masomo)? (wengi mno)

Acheni kumzingira mtu mlangoni na bahasha za CV. Soma makala yake moja, mwandikie swali moja la maana kuhusu makala hiyo, usitaje bursi. Akijibu, una mlango. Na yeyote anayewaambia mlipe kwanza ili mwingizwe kwenye orodha ya mgeni ni tapeli, awe na beji ya chuo au asiwe nayo.

Sisi waandalizi tunataka mgeni afanye jaribio mbele ya watu. (Kamati ya wanafunzi)

Vizuri sana, slaidi zimetuchosha, na umeme ukikatika jaribio linaendelea. Likiwa lile la malakiti na asidi, asidi ndiyo inamiminwa kwenye maji, polepole. Ukigeuza, joto linarusha matone usoni. Mstari wa kwanza wakae mbali na meza, miwani kwa mgeni na msaidizi, ndoo ya maji safi karibu. Myeyusho wa bluu utakaobaki usimwagwe sinki: ongezeni soda ya unga kidogo kidogo hadi povu likome na shaba itulie chini, chujeni, mpeni fundi wa laboratwari aihifadhi.