Programu ya wateja kwa biashara ya mafundi wa majumbani: anza na nyumba, si jina la mtu

Mkuu, umeuliza ununue programu gani ya kusimamia wateja kwa biashara yako ya mabomba, umeme na usafi wa majumbani, maana kwa sasa wateja wako wametawanyika: wengine kwenye daftari, wengine kwenye simu za mafundi, wengine kwenye kundi la WhatsApp. Nimesimamia ofisi ya mafundi wa mabomba na hita za maji tangu enzi za daftari hadi tulipohamia kwenye programu, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu. Suala la jina la programu nitalifikia mwishoni, kwa sababu kuna jambo la kuamua kabla yake: taarifa zako utazifungia kwenye nini.

Programu kama Salesforce na HubSpot, kwa umbo lake la kawaida, zimejengwa kumzunguka mtu na mauzo. Umempata mteja, umempa bei, amenunua. Kazi yetu sisi haiendi hivyo, sisi tunahudumia nyumba. Mpangaji anahama, bomba linabaki palepale. Mwenye nyumba mmoja anaweza kuwa na nyumba kadhaa. Anayelipa yuko mbali, anayekufungulia mlango ni mwingine kabisa. Ukiweka kila kitu chini ya jina la mpangaji, siku akihama historia yote ya ile hita inapotelea kwake, na fundi atakayefuata anaanza kupapasa upya.

Kwa hiyo tenganisha rekodi za aina nne: mtu, nyumba, kifaa na kazi. Mtu anaunganishwa na nyumba kwa nafasi yake, yaani mmiliki, mpangaji, msimamizi au mlipaji. Kifaa kinakaa chini ya nyumba, pamoja na modeli, namba ya mfululizo na tarehe ya kufungwa. Kazi inagusa vyote vitatu. Kwetu, rekodi ya nyumba ilikuwa na mistari kama hii: "Koki kuu ipo nyuma ya mashine ya kufulia, inazungushwa kwa spana. Mbwa afungwe kwanza. Ngazi ndefu inahitajika." Fundi mgeni akiisoma akiwa njiani, anafika na spana na ngazi mkononi. Kwangu mimi faida kubwa ya programu ni hiyo, kuliko grafu zote za mapato.

Kisha andika hali za kazi kwa maneno ya ofisini kwako: imeulizwa, bei imetumwa, imekubaliwa, imepangiwa fundi, inasubiri vipuri, imekamilika, ankara imetoka, imelipwa. Usiunganishe "imekamilika" na "ankara imetoka", hata kama muuzaji wa programu atakuambia hali zikiwa chache ndiyo vizuri. Pesa hupotelea katikati ya hatua hizo mbili: fundi amemaliza, mteja ameridhika, na hakuna aliyemwandikia ankara. Kila hali iwe na mtu mmoja anayehusika kuisogeza mbele.

Usafishaji wa data ndio utakaokula muda wako. Tumia namba ya simu kuwatambua watu waliojirudia, maana mtu mmoja ameandikwa "Mama wa ghorofani" kwenye simu hii na "Mteja wa hita" kwenye ile. Namba zote ziandike kwa mtindo wa kimataifa wa E.164: alama ya kujumlisha, namba ya nchi, kisha namba yenyewe, jumla zisizidi tarakimu 15. Ukitumia Excel, geuza safu ya simu iwe maandishi kabla ya kubandika chochote. Usipofanya hivyo, sifuri ya mwanzo inafutika na namba ndefu inageuka kuwa hesabu yenye herufi E katikati. Tarehe ziandike 2024-04-03, kwa sababu 03/04/2024 kwa mmoja ni Aprili na kwa mwingine ni Machi. Pakia nyumba chache kwanza, zikague moja moja, ndipo upandishe zilizobaki. Wateja wa zamani sana waache, wataingia siku watakapopiga simu.

Fomu ya fundi iwe fupi. Anajaza akiwa amesimama mlangoni, mikono imelowa, na mteja anasubiri. Picha kabla, picha baada, vipuri vilivyotumika, basi. Ukimlazimisha kujaza visanduku vingi, ataandika nukta kwenye kila kimoja ili apite. Halafu jaribu programu bila intaneti: zima data, fungua kazi, piga picha, funga kazi, washa data uone kama vimepanda vyenyewe. Vyumba vya chini ya ardhi na vyumba vya mashine mara nyingi havina mtandao.

Vikumbusho vifungwe kwenye kifaa. Hita ya tangi ina fimbo ya anodi inayoliwa na kutu ili tangi lenyewe lipone. Ikiisha, zamu ni ya tangi. Kikumbusho cha kuikagua kimfikie yeyote anayeishi pale wakati huo.

Kuhusu faragha: unatunza namba za siri za kufungulia mageti na picha za ndani ya nyumba za watu. Fundi aone kazi zake za siku tu, na akiacha kazi akaunti yake ifungwe siku hiyohiyo. Maelezo ya mteja yaandikwe kwa heshima, kwani sheria kama GDPR, ile ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, iliyoanza kutumika 2018, inampa haki ya kuomba nakala ya ulichoandika juu yake.

Sasa majina. Jobber na Housecall Pro zimetengenezwa kwa biashara za aina yetu, anza kuzijaribu hizo. Odoo, ambayo ni programu pana ya kuendesha biashara nzima, inafaa kama una mtu wa kuisimamia. Yoyote utakayoipenda, kabla hujalipa weka nyumba chache za majaribio zenye kazi na picha, kisha omba kutoa kila kitu nje. Ukirudishiwa majina na namba za simu tu, bila historia ya kazi wala picha, tafuta nyingine.