Nani Aliyekamata?

Msomaji wetu wa Likoni, anayetafsiri mwongozo wa ziara rasmi za maafisa wa kigeni, ameniuliza kama Bermuda iitwe koloni, himaya au eneo tegemezi, na kama sentensi yake hii imesimama: "Maafisa wa Marekani watazuru Bermuda kufanya zoezi la ukamataji wa mshukiwa."

La kwanza ni jepesi. Eneo tegemezi ndilo linalofaa, kwa kuwa Bermuda hujiendeshea mambo yake mengi ya ndani huku Uingereza ikibaki na dhamana ya ulinzi na mambo ya nje. Himaya, neno la Kiarabu lenye maana ya ulinzi, ni jambo jingine, na sisi wa Mombasa hatuna udhuru wa kulichanganya na koloni: tangu mwaka 1920 sehemu ya bara ya Kenya ilikuwa koloni, ilhali Mwambao ulibaki himaya ya Uingereza chini ya enzi ya Sultani wa Zanzibar, ambaye bendera yake nyekundu ilipepea Ngomeni (Fort Jesus) hadi 1963.

Linalonikera ni hilo "zoezi". Asili yake ni kuzoea, yaani jambo linalorudiwarudiwa mpaka mtu alizoee, kama askari na gwaride. Siku hizi kila tendo limevishwa zoezi: zoezi la kupiga kura, zoezi la usajili, zoezi la kubomoa vibanda. Kukamata ni kitenzi, nacho hudai mtendaji. "Zoezi la ukamataji" humfuta mtendaji huyo, na katika sheria ya kumkamata mshukiwa aliye nchi nyingine mtendaji ndiye kila kitu. Afisa wa Marekani akishuka Hamilton, mji mkuu wa Bermuda, hana mamlaka ya kumtia mtu pingu. Serikali yake hupeleka ombi rasmi, mahakama ya Bermuda hutoa hati, na polisi wa Bermuda, ambao wamo katika dhamana ya Gavana, ndio wanaokamata. Asomaye sentensi ya msomaji wetu ataamini kwamba wageni ndio waliokamata, na hapo kosa la lugha limekwisha kuzaa kosa la sheria.

Aandike hivi: "Maafisa wa Marekani watazuru Bermuda, na polisi wa Bermuda watamkamata mshukiwa kwa hati ya mahakama ya huko." Zoezi la kupiga kura nimechoka kulipinga, na watangazaji waendelee nalo, lakini katika maandishi yanayogusa uhuru wa mtu, silikubali kabisa.