Watu 14, vizingiti vitatu na jua la jangwani

SWALI: Mimi ni kiongozi wa kikundi cha matembezi, tuko watu 14. Tumezoea vilima vyenye njia iliyokanyagwa, lakini sasa tumepania mlima wa jangwani: kilomita 11 kwenda na kurudi, kupanda mita 900, na njiani kuna sehemu tatu za mwamba ambako miguu peke yake haitoshi, lazima uparamie kwa mikono. Iliyo ndefu kuliko zote ni kama mita 8. Tubebe maji kiasi gani? Tununue kamba? Niwapange vipi watu kwenye mawe? Na nifanye nini na mwenzetu anayeogopa kimo lakini hataki kuachwa nyuma?

JIBU: Ndugu kiongozi, umeuliza maswali manne, lakini lililo zito kuliko yote hukuliuliza. Nalo ni idadi yenu. Naomba tuanze na hesabu, maana maji, kamba na mpangilio wa watu vyote vinategemea hiyo.

Mwaka 1892 Mskoti William Naismith alitoa kanuni ambayo sisi waongozaji bado tunaitumia: saa 1 kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita zenu 11 ni kama saa 2 na dakika 12. Mita 900 ni saa 1 na nusu. Jumla saa 3 na dakika 42, bila mapumziko. Hapo ndipo viongozi wengi hufunga daftari na kwenda kulala.

Sasa tia vizingiti, yaani zile sehemu tatu za mwamba za kuparamia. Kwenye mwamba wa mita chache, wenye mawe yanayoweza kudondoka, mnapita mmoja mmoja. Mtu ambaye si mzoefu huchukua kama dakika 3 kupanda na dakika 4 kushuka, kwa sababu kushuka hujui mguu unautia wapi. Watu 14 mara dakika 3 ni dakika 42 kwa kizingiti kimoja. Mara tatu, saa 2 na dakika 6. Kushuka, dakika 56 mara tatu, saa 2 na dakika 48. Kwa hiyo vizingiti vitatu, ambavyo kwenye ramani ni vitone tu, vinawala karibu saa 5. Safari nzima inakuwa saa 8 na dakika 36. Mkiondoka saa 11 alfajiri mtafika chini karibu saa 8 mchana, na hapo hamjakaa hata dakika moja kileleni.

Kibaya zaidi ni kwamba muda huo hamtembei. Mnasubiri. Mmebanana kwenye kijukwaa cha mwamba, jua liko utosini na jiwe linarudisha joto usoni. Anayesubiri hunywa maji kwa kuchoka kusimama, na zamu yake ikifika ana haraka. Niliwahi kuongoza watu 11 kwenye njia fupi kuliko yenu. Safari ilituharibikia kwenye foleni ya kizingiti cha pili wakati wa kushuka, ingawa kupanda kulikwenda vizuri kabisa. Tangu siku hiyo sipeleki zaidi ya watu 7 kwenye njia ya kuparamia.

Kwa hiyo gawa kundi. Watu 7 leo na 7 kesho ndiyo njia bora. Kwa watu 7, vizingiti vinachukua saa 2 na dakika 27, na safari nzima saa 6 na dakika 9. Mkiondoka saa 11 alfajiri, saa 5 asubuhi mnakaribia magari. Kama lazima iwe siku moja, yaachanishe makundi kwa dakika 45 na mkubaliane kabisa jambo moja: mnapishana mahali pana na tambarare tu. Wanaoshuka ndio wanaosubiri, maana jiwe wanalolisukuma kwa kisigino linamwendea aliye chini.

Na kila kundi liwe na kiongozi wake anayeijua njia. Ukipanga kuongoza yote mawili, hujagawa chochote.

Kuhusu saa. Hifadhi ya Grand Canyon, huko Marekani, huwashauri wageni wasitembee ndani ya bonde kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni wakati wa kiangazi. Jiji la Phoenix, hukohuko Marekani, ambalo lina vilima vya jangwa katikati ya mitaa, lilianza mwaka 2021 kufunga baadhi ya njia zake saa za mchana siku ambazo tahadhari ya joto kali imetolewa. Hao ni watu wanaoishi na joto hilo kila mwaka. Ukisikia mgeni anasema atalizoea siku hiyohiyo, mwambie mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kulizoea joto. Mimi ningechagua miezi ya baridi, nikahesabu saa kana kwamba ni kiangazi.

Tena angalia kila kizingiti kinatazama upande gani. Kinachotazama magharibi kiko kivulini asubuhi na kinawaka mchana. Mnaweza kukipanda kikiwa cha ubaridi mkakishuka kikiunguza viganja. Glavu nyembamba za ngozi si anasa.

Tuje kwenye maji. Mtu anayepanda kwenye joto hutoka jasho lita 1 kwa saa bila taabu, wengine zaidi. Panga kunywa nusu lita hadi lita 1 kwa saa, kutegemea mwili na joto. Kwa safari ya saa 6 na mapumziko, kila mtu abebe lita 5 na nusu. Usitegemee chemchemi iliyochorwa kwenye ramani ya jangwa mpaka mtu aliyeiona wiki hii akuambie ina maji.

Lakini lita 5 na nusu ni kilo 5 na nusu, na kwenye mwamba mzigo huo unakuvuta mgongoni kama mtoto anayekataa kubebwa. Suluhisho ninalolipenda: kila mtu aache lita 1 na nusu kwenye kivuli chini ya kizingiti cha kwanza, mahali ambapo lazima mpite mkirudi. Pigeni alama kwenye simu, na chupa zote zirudi nyumbani. Mkoba uliobaki ukazwe kifuani na kiunoni. Mkoba unaobembea ndio unaokutoa kwenye mshiko. Pale pembamba, mpitisheni mtu mikono mitupu na mikoba ipokezanwe.

Maji yakifika nusu ya yote mliyotoka nayo, pamoja na yale mliyoacha chini, mnageuka. Hata kama kilele kinaonekana.

Jambo moja ambalo vikundi vingi havilijui: maji matupu mengi nayo yanaumiza. Unapotoka jasho unapoteza chumvi, na ukifidia kwa maji peke yake sodiamu katika damu hushuka. Dalili zake zinafanana na za joto: kichwa kuuma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa. Ndiyo maana namwuliza mgonjwa amekunywa kiasi gani na amekojoa mara ngapi kabla sijampa chupa nyingine. Kuleni vyenye chumvi kila saa, na mnywe kwa kufuata kiu badala ya kushindana.

Mtu akianza kusema mambo yasiyoeleweka au kuyumba kama mlevi na mwili wake unawaka, hicho huenda ni kiharusi cha joto, ambapo joto la ndani ya mwili limepita nyuzi 40. Msimbebe kukimbilia magari. Mpozeni palepale kwanza: kivuli, nguo mbali, maji mwili mzima, mumpepee bila kuacha, huku mwingine akitafuta msaada. Hapo ndipo maji ya akiba yanapomwagwa juu ya ngozi bila kuhesabu.

Sasa kamba. Katika kipimo cha Kimarekani kinachotumika sana, njia hupewa daraja la 1 hadi la 5. Daraja la 1 ni kutembea. Daraja la 3 unatumia mikono kweli, ingawa watu wengi hupita bila kamba. Daraja la 4 mwamba bado si mgumu, ila ukianguka unaweza kufa. La 5 ni ukweaji wa kamba. Tafuta kwanza vizingiti vyako viko daraja gani, na usiridhike na neno "rahisi" la mkweaji. Kwake yeye ngazi na ukuta ni kitu kimoja.

Kama ni daraja la 3, hamhitaji kamba. Kama ni la 4, kamba inahitaji mtu aliyefunzwa kuchagua mahali pa kuifungia, kujua mafundo na kumshikilia mwenzake akiteleza. Kamba mikononi mwa asiyejua inamfunga aliye salama pamoja na anayeanguka. Jibu langu kwa hiyo ni hapana, msinunue. Chukueni mwongozaji mwenye ujuzi huo au chagueni njia nyingine. Kitu cha kununua ni helmeti 14. Hapo sibishani na mtu.

Helmeti kwa sababu miamba ya jangwani inadanganya. Hakuna mizizi wala udongo wa kuyashika mawe. Mchana jiwe linapanuka, usiku linasinyaa, na chumvi inayoganda kwenye nyufa inalichana taratibu. Itale (graniti) hubanduka maganda kama kitunguu, na ganda linaloonekana kuwa sehemu ya mlima huweza kuwa limekaa tu. Mwaka 2003 Aron Ralston alikuwa anashuka kwenye Bluejohn Canyon, Utah, jiwe kubwa alilolikamata likacheza na kumbana mkono ukutani. Alikuwa peke yake, hakuna aliyejua alikokwenda, na baada ya siku tano akaukata mkono mwenyewe ili atoke. Mwachie mtu ramani na saa ya kuanza kuwatafuta.

Kwa hiyo, kabla ya kuliamini jiwe, ligonge kwa kiganja. Likitoa sauti ya uwazi kama debe tupu, liache. Mshiko uvute kuelekea chini, usiuvute kuja kifuani kwako. Viungo vitatu vibaki kwenye mwamba wakati cha nne kinahama. Usitie kiganja mahali usipopaona. Nyoka na nge nao wanatafuta kivuli. Jiwe likidondoka, anayeliona apige kelele "Jiwe!", na walio chini wajibane ukutani bila kuinua nyuso. Anayesubiri zamu asimame pembeni kabisa, asikae kwenye mkondo wa mawe.

Mchanga ulioshikana kuwa mwamba, kama ule wa Wadi Rum huko Jordan, una sharti lake: ukilowa unapoteza nguvu, na mshiko uliokubeba jana unakatika leo. Mvua ikinyesha, ahirisheni mpaka ukauke hadi ndani, siku moja au zaidi. Na kama njia inapita kwenye korongo jembamba, tazameni mawingu ya mbali. Tarehe 12 Agosti 1997 watembezi 11 walikufa Antelope Canyon, Arizona, kwa mafuriko ya mvua iliyonyesha mbali na pale walipokuwa.

Mpangilio wa watu wenyewe ni mfupi. Mbele aliye mzoefu, mwisho mzoefu wa pili ambaye hapitwi na mtu. Kwenye kizingiti, mmoja anasimama juu akielekeza mikono, mmoja chini pembeni akielekeza miguu, na wengine wote wananyamaza. Sauti sita zikimwambia mtu "mguu wa kushoto" anayezubaa ni yeye. Wakati wa kushuka, palipo wima mtu aelekeze uso kwenye mwamba na kurudi kinyumenyume kama anayeshuka ngazi. Wengi huanguka kwa sababu wanaona aibu kugeuka.

Huyo mwenzenu anayeogopa kimo mweke wa pili, nyuma yako kabisa. Ukimweka mwisho atakuwa na muda mrefu wa kuwatazama wengine wakitetemeka. Kwenye kizingiti cha kwanza, kabla ya mtu yeyote kupita, mwombe apande mita 2 kisha ashuke. Asiulizwe kama anaweza. Atasema ndiyo, kwa sababu wote mnamtazama. Mwache mwamba ujibu. Akishuka kwa utulivu, endeleeni. Akikwama kwenye mita 2, hataishuka mita 8 akiwa amechoka, na ni nafuu kulijua hilo hapo chini kuliko juu.

Kipimo hicho wapeni wote, ili asijione ametengwa. Na mkiwa bado nyumbani, mteueni mtu atakayebaki na yeyote atakayekataa: kivulini, na maji yao, funguo za gari na saa mliyokubaliana ya kuonana. Mtu huyo ajitolee mwenyewe, na awe mmoja wa waliokwisha kufika kilele kingine mwaka huu, ili asibaki na kinyongo.